Mkebe Niliowauzia, na Neno Ambalo Sikulisema

Kuna video yangu moja ambayo hamtaipata tena. Ilikuwa ya sekunde 40. Nilikuwa nimesimama dirishani kejani, jua la asubuhi limenipiga vizuri usoni, nimeshika mkebe mweupe wenye kifuniko cha kijani. Nilisema hivi: "Kama mudi yako iko chini na usingizi umekuhepa, jaribu hii. Ni ya asili, ni amino asidi tu, haina madhara." Kisha nikatikisa mkebe karibu na maiki ili vidonge vilie, nikacheka, nikawapa namba ya kupata punguzo.

Wengi mliipenda. Kuna walionunua. Wale ambao namba zao nilizipata nimewaandikia mmoja mmoja, lakini sio wote, kwa hivyo leo naandika hapa, na ni mrefu kuliko kawaida yangu. Chukueni chai.

Nianzie mahali ambapo video haikuanzia.

Mwaka jana, kutoka Machi hivi, niliacha kuwa sawa. Saiba niliyokuwa nafanya kazi ilifungwa, na kodi ya bedsita yangu huku Section 58 haikujua kwamba imefungwa. Lakini sitaki kusema ilikuwa ni doo tu, kwa sababu nimewahi kusota kabla na sikuwa hivyo. Hii ilikuwa tofauti. Vyombo vilikaa kwa beseni siku tisa. Nilikuwa nalala saa kumi na mbili jioni, naamka saa nane usiku, natazama dari hadi matatu za kwanza zianze kupiga honi. Chakula kilikuwa mkate na strungi. Mathe akipiga simu naitazama ikilia mpaka inyamaze, halafu namwandikia, "Niko kazini, Mum, nitakupigia." Sikuwa na kazi.

Na bado nilikuwa napost. Hilo ndilo linaniuma nikikumbuka. Nilikuwa naoga uso tu, navaa tisheti safi ya juu, chini ni suruali ya kulalia ya siku nne, nachekea simu sekunde 30, nazima kamera, narudi kitandani.

Nikiulizwa, nasema ni stresi tu. Si mnajua vile tuko na maneno mengi ya kuzunguka hii kitu: nimeboeka, nimechoka, nafikiria sana, roho imezima. Shosho yangu wa Bahati angesema moyo wangu ni mzito. Kwa Kiswahili cha vitabu inaitwa sonona. Hilo neno sikulisema hata nikiwa peke yangu mbele ya kioo.

Kliniki nilijua iko wapi. Lakini hebu tuseme ukweli. Nakuru ilipandishwa kuwa jiji Desemba 2021, sawa, lakini ukipanga foleni mbele ya mlango wa afya ya akili saa tatu asubuhi, kufika saa sita kuna mtu wa Kiamunyi ameshamwambia mamako. Na Mkenya akisikia "akili" anafikiria Mathari. Hiyo hospitali ilianza 1910, enzi za mkoloni, kama mahali pa kufungia waliotwa wendawazimu, na zaidi ya miaka 100 baadaye jina lake bado tunalitumia kutukanana. Mimi mwenyewe nimelitumia. Kuna video ya zamani, mnaijua.

Kwa hivyo wakati jamaa mmoja wa jimu aliniandikia inboksi kuniuliza kama ninaweza kumtangazia vidonge, sikuona biashara. Niliona mlango wa nyuma.

Alikuwa na maneno matamu, huyo jamaa. Alikuwa anauza unga wa protini, spirulina ("chakula cha flamingo wetu, dada yangu, umewahi kuona flamingo ana huzuni?"), na huo mkebe mweupe ulioandikwa 5-HTP. Nikamwambia flamingo wengi walihamia Bogoria maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda, labda nao walikuwa na shida zao. Tukacheka. Akanipa shilingi 6,000 kwa M-Pesa na mikebe miwili ya bure. Bei ya dukani ilikuwa 3,800 kwa mkebe.

Nilianza kumeza siku hiyo hiyo.

Na sitawadanganya: wiki ya kwanza nilihisi afadhali. Nilikuwa naamka mapema kwa sababu maagizo yalisema umeze pamoja na chakula, kwa hivyo nilikuwa napika uji. Nilikuwa natoka nje kurekodi. Watu walikuwa wananiandikia. Nilikuwa na kitu cha kufanya na mahali pa kuweka matumaini. Nikajiambia, ni vidonge hivi. Nikarekodi ile video.

Sasa angalieni vile nilisema: "mudi" na "usingizi". Sikusema, mimi niko na sonona na naogopa kwenda hospitali. Nilisema mudi. Mkebe wa jimu ukikaa mezani hakuna mtu anakuuliza uko na shida gani. Wanakuuliza unainua kilo ngapi.

Wiki tano baadaye, saa tano usiku, namba nisiyoijua ikanipigia. Alikuwa ni kijana anayekaa chumba kimoja na binamu yangu huko Njoro, anakosomea. Binamu yangu ana miaka 21, mtoto wa mamangu mdogo, kijana mtulivu sana, wale wa kuosha sahani bila kuambiwa. Amenipa ruhusa niandike haya. Jina lake anabaki nalo.

"Sista, huyu msee hayuko sawa. Anatetemeka, na anaongea vitu hazieleweki. Tunamleta Nakuru."

Nilipofika kwenye majeruhi walikuwa wamemlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Jasho lilikuwa limelowesha shati kama amenyeshewa. Taya lilikuwa linagongana. Macho yalikuwa meusi, ile duara ya katikati imefunguka pana chini ya taa kali. Alikuwa amehara njia nzima. Rafiki yake alikuwa anasema ni malaria. Mama mdogo, aliyefika akiwa na leso juu ya nguo ya kulalia, alikuwa ameanza kuomba kwa sauti.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, pengine wa rika langu. Hakusema mengi. Aliunyanyua mguu wa binamu yangu, akaushika unyayo, akausukuma juu kwa ghafla. Mguu ukaanza kupiga wenyewe, tap tap tap tap, kama mtu anayefuata mdundo. Akaachilia. Akarudia na mguu wa pili. Ukapiga vilevile.

Akageuka akatuuliza, "Anatumia dawa gani?"

Mama mdogo akasema, "Daktari, huyu hatumii dawa yoyote." Rafiki akasema hajui. Mimi nikasema sijui.

Kisha nesi akatoa vitu mfukoni mwa jaketi ili amvue. Simu. Funguo. Kitambulisho cha chuo. Na mkebe mweupe wenye kifuniko cha kijani.

Wasee, niliisikia ile sauti ya vidonge vikitikisika, na niliitambua.

Daktari aliusoma mkebe, akainama karibu na sikio la binamu yangu, akamuuliza polepole kama kuna kingine. Akasema ndiyo. Alikuwa ameanza fluoksetini wiki tatu kabla, miligramu 20 kila asubuhi, kutoka kliniki. Hakuwa amemwambia mtu. Fluoksetini zilikuwa kwenye pakiti ya soksi chini ya godoro. Alikuwa hajaona mabadiliko makubwa, akaona aongeze na vyangu. Jioni hiyo alimeza viwili vya miligramu 200, na kabla ya kulala viwili tena. Si ni vya asili. Si ni amino asidi tu. Si dadake alisema havina madhara.

Walimpa dawa ya kutuliza mishipa, wakamwekea maji, wakasimamisha kila kitu kingine, wakamchunga moyo na joto usiku kucha. Siku ya pili mchana alikuwa anaomba chapati. Alikuwa na bahati. Daktari aliniambia wazi kwamba hali ile inaweza kupanda hadi joto kali, degedege na kifo.

Sasa niwaambie yale ambayo nilipaswa kuyasoma kabla ya kushika pesa ya mtu.

Protini tunayokula mwili huivunja kuwa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Kuna 20 zinazojenga protini zetu, na 9 kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza, lazima uzile. Mojawapo ni triptofani. Mwili unaichukua triptofani, unaigeuza kuwa 5-HTP, na 5-HTP inageuzwa kuwa serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupeana ujumbe, na ambayo inahusika na usingizi, hamu ya kula na hisia. Hapo ndipo biashara inaingia: kama serotonini inahusika na hisia, si umeze malighafi yake, hisia zipande?

Hesabu ni tamu. Shida ni kwamba mwili sio kinu cha posho, kwamba ukitia mahindi mengi unapata unga mwingi. Triptofani ikifika mlangoni mwa ubongo inapigania nafasi na amino asidi nyingine kubwa zilizotoka kwa chakula hicho hicho. 5-HTP inapita huo mlango kwa urahisi zaidi, na imeruka pia ile hatua ambayo mwili hutumia kupunguza mwendo, lakini nyingi inageuka serotonini huko nje, hasa tumboni. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo hata hivyo. Ndiyo maana wengi wenu mliniandikia kwamba vidonge vinawapa kichefuchefu na kuhara, na mimi nikawajibu, "Mwili unazoea." Nani aliniambia mwili unazoea? Hakuna.

Kuhusu sonona yenyewe, kuna watafiti wa mtandao wa Cochrane ambao mwaka 2002 walikusanya majaribio yote waliyoweza kupata ya triptofani na 5-HTP. Walipata 108. Walipoyapima kwa ubora, yaliyofaa yalikuwa 2 tu, yenye wagonjwa 64 kwa jumla. Hayo mawili yalionyesha kwamba huenda vidonge vinasaidia kuliko vidonge bandia, lakini wagonjwa 64 ni wachache kuliko abiria wa matatu tano za kwenda Naivasha. Mimi niliwaambia watu elfu kadhaa kwamba inafanya kazi.

Na sio kwamba wanasayansi wamepuuza hii kitu. Mwaka 1963, daktari wa Uingereza Alec Coppen na wenzake waliandika kwamba triptofani ikiongezwa juu ya aina fulani ya dawa ya sonona, wagonjwa walipata nafuu zaidi. Lakini ilikuwa hospitalini, kwa kipimo, daktari akijua kila kitu kinachoingia kinywani. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwapa watu waliokuwa wamepata nafuu kwa dawa kinywaji cha amino asidi kisicho na triptofani. Wengi wao sonona ilirudi ndani ya siku moja, kisha ikaondoka waliporudi kwa chakula cha kawaida. Kwa hivyo kuna kitu hapo. Lakini watu ambao hawajawahi kuwa na sonona wakipewa kinywaji kama hicho, kwa kawaida hawaingii kwenye sonona. Maana yake ni kwamba huzuni haiji tu kwa sababu tenki moja limeisha.

Hata ile hadithi ya "serotonini imepungua" ambayo niliirudia kwa video kama kasuku, mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi na hawakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na serotonini kidogo. Na kabla mtu hajakimbia kutupa dawa zake: hilo halisemi dawa za hospitali hazisaidii. Mfupa haukuvunjika kwa kukosa plasta, lakini plasta inausaidia kupona. Fluoksetini iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, na kuna watu hapa Nakuru wanaamka na kwenda kazini kwa sababu yake. Kuiacha ghafla ni hatari nyingine.

Lililompata binamu yangu ni hili. Fluoksetini inazuia serotonini isirudishwe haraka kwenye seli, kwa hivyo inakaa muda mrefu ikifanya kazi. 5-HTP inaleta serotonini zaidi. Umefunga mfereji wa kutoa maji, halafu umefungua bomba. Serotonini ikizidi, mwili unatetemeka, jasho linamwagika, moyo unakimbia, misuli inaruka yenyewe. Ule mguu uliokuwa unapiga mdundo ndio ulimwambia daktari hii sio malaria.

Halafu kuna neno "asili". 5-HTP ya mikebe mingi hutolewa kwenye mbegu za mmea wa Afrika Magharibi, jamii ya kunde, unaoitwa Griffonia simplicifolia. Ni mmea kweli. Hata kangeta ni mmea. Na mwaka 1989, huko Marekani, watu waliokuwa wakimeza triptofani ya dukani walianza kuumwa misuli vibaya sana, na damu zao zikajaa seli za mzio. Waliougua walikuwa zaidi ya 1,500, na zaidi ya 30 wakafa. Ufuatiliaji ulielekeza kwenye vidonge vilivyotokana na kampuni moja ya Japani, Showa Denko, na kwenye uchafu ulioingia wakati wa kutengeneza. Hao walikuwa ni watu waliotaka kulala vizuri tu, kama mimi, kama nyinyi.

Kuna mtu ataniuliza, sasa kama triptofani ni muhimu na sisi tunaishi kwa ugali, si tunahitaji hivyo vidonge? Swali zuri. Ni kweli mahindi yana triptofani na lisini kidogo. Lakini maharagwe yana zile ambazo mahindi yamepungukiwa, na mahindi yana ile ambayo maharagwe yamepungukiwa. Shosho hajawahi kusikia neno amino asidi na amekuwa akizipanga vizuri kwenye sufuria ya githeri miaka yote. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama miligramu 240 za triptofani kwa siku, na yai moja lina karibu 80. Mayai, maziwa, omena, ndengu, vyote viko Top Market, na vya wiki nzima havifiki bei ya mkebe wangu. Ule mkate na strungi niliokuwa naishi nao haukunisaidia, hilo nakubali. Lakini sitawauzia githeri kama dawa ya sonona pia. Nimejifunza.

Turudi hospitalini, kwa sababu hapo ndipo kuna jambo ambalo limenifanya niandike.

Siku ya pili, mama mdogo alikuwa ameenda kutafuta chai. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nikamuuliza binamu yangu, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka, "Kwa nini hukuniambia uko kliniki? Mimi si ni dadako?"

Alinitazama muda.

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Dada, mimi nilikuwa naona video zako. Nilikuwa naona uko sawa kabisa. Nikasema kama ni hii imekufanya ukae hivyo, wacha na mimi nijaribu. Ningejua wewe pia ni mgonjwa, ningekupigia tu simu."

Sikuwa na jibu. Tulikuwa kilomita 20 hivi mbali, Njoro na Nakuru, nauli ya matatu moja. Tulikuwa na ugonjwa mmoja. Yeye alificha vidonge vyake kwenye soksi, mimi nilificha wangu mbele ya watu elfu kadhaa, ndani ya kicheko. Na badala ya simu moja, kilichopita kati yetu kilikuwa mkebe.

Kwa hivyo maoni yangu ndiyo haya, na mnaweza kunipinga. Hivi vidonge haviuzwi kwa nguvu ya kemia. Vinauzwa kwa nguvu ya aibu. Tunalipa 3,800 ili tutibiwe kitu bila kukitaja. Na ile siri tunayonunua ndiyo sumu yenyewe, kwa sababu daktari hawezi kukulinda na dawa asiyojua umemeza, na binamu yako hawezi kukulinda na huzuni asiyojua unayo. Usiku ule tulikuwa watu wazima watatu karibu na kitanda na wote tulisema hatujui. Mmoja wetu alikuwa anajua nusu, na alinyamaza mpaka nesi akaushika mkebe.

Aibu hii hatukuizua sisi. Hadi juzi tu, sheria yetu ilikuwa inasema anayejaribu kujiua ni mhalifu, anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho, cha 226, kuwa kinyume na Katiba mnamo 9 Januari 2025. Yaani wengi wenu mnaosoma hapa mmekulia kwenye nchi ambayo kusema "nilitaka kufa" kungeweza kukupeleka kwa polisi kabla ya daktari. Ni lazima tungejifunza kusema "mudi".

Lakini kuna kitu kingine ambacho nilikipata nikisoma, na kilinishangaza kuliko hizo kemikali zote. Mwaka 2003 kulichapishwa jaribio lililofanywa Uganda, wilaya za Rakai na Masaka, katika vijiji 30. Katika nusu ya vijiji, watu wenye sonona walikutana kwa kikundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida wa huko waliofundishwa, wakizungumza kuhusu vifo, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao. Hakukuwa na kidonge. Waliopata vikundi walipona kwa kiasi kikubwa kuliko wale ambao hawakupata. Na hapa kwetu, mwaka 2021, lilitoka jaribio la Shamiri, mradi ulioanzishwa na Mkenya Tom Osborn pamoja na wenzake. Wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi, vikao vinne tu, na viongozi walikuwa vijana waliomaliza sekondari, sio madaktari. Wanafunzi wa vikao vya Shamiri walipungukiwa na dalili kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Sisemi kuongea kunatosha kwa kila mtu. Binamu yangu anahitaji dawa, na anazimeza. Ninachosema ni kwamba kitu ambacho mimi nilikuwa nakikwepa kwa shilingi 3,800, yaani kukaa na mtu na kusema, kimepimwa hapa hapa Afrika Mashariki na kimesaidia watu kama sisi.

Mimi nilienda kliniki wiki iliyofuata. Nilipanga foleni. Ndiyo, nilionwa; kuna mama wa kanisani alinisalimia kwa macho makubwa. Daktari alinipima damu kwanza, kwa sababu upungufu wa damu au tezi ya shingo ikilegea inaweza kukufanya uchoke na kuhuzunika vilevile. Kisha akaniuliza, "Unatumia chochote? Hata cha asili?" Nikautoa mkebe kwenye begi nikauweka mezani. Akauliza ulikuwa ni wa nini. Nikafungua mdomo kusema "mudi", nikaufunga. Nikasema, "Nafikiri nina sonona." Mara ya kwanza kabisa. Paa halikuanguka. Akaandika, akaniuliza ilianza lini.

Jioni nikampigia mathe. Nilidhani ataniambia nikaze roho. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hata mimi, ulipozaliwa, nilikaa miezi mingi hivyo. Hakuna mtu nilimwambia." Miaka 23 tumekaa na hiyo.

Jamaa wa jimu nilimrudishia 6,000. Alisema mimi ni mnoma, nimemharibia soko. Sawa. Binamu yangu anakuja mjini Alhamisi, tunakula githeri kwa kibanda, tunaulizana maswali mawili: umelala vipi, na umemeza nini. Wakati mwingine jibu ni fupi, tunaendelea na stori za mpira.

Kama uko na wazo la kujiumiza, usisubiri Alhamisi. Piga 1199, ya Msalaba Mwekundu, haikatwi pesa. Na kama ulinunua kwa sababu yangu, na uko na mkebe kama ule kwa droo, usiumeze tena na usiutupe. Hasa kama kuna dawa nyingine unameza. Uweke kwa begi, uende nao kliniki au kwa mfamasia, uuweke mezani. Halafu taja ni wa nini. Mimi pole yangu ni hii, na naisema kwa jina langu mwenyewe: nilikuwa mgonjwa, na sikuwaambia.